Sita Iliyogeuka Nane

Niseme mapema nisimchoshe mtu: aliyeruhusu mashine ya kuskani itoe tarakimu ya kwenye karatasi na kupachika nyingine "inayofanana nayo" alikosea, na sijasikia utetezi wa kumwokoa.

Mnaikumbuka habari yenyewe. Agosti 2013, Mjerumani David Kriesel alianika ramani ya jengo iliyopita kwenye Xerox WorkCentre 7535. Kwenye karatasi vyumba vitatu vilikuwa na mita za mraba 14.13, 21.11 na 17.42. Kwenye skani, vyote vitatu 14.13. Wenye ramani walishtuka kwa sababu chumba kikubwa kilikuwa kimeandikiwa eneo sawa na la jirani yake mdogo. Katika jedwali la gharama, 65.40 ikatoka 85.40. Hakuna ukungu wala doa la wino. Tarakimu zilikuwa safi, zimenyooka kwenye mstari kama zilizochapwa asubuhi ile.

Wengi walikimbilia kuilaumu OCR, ile programu ya kusoma herufi kwenye picha, kama kawaida yao; hati ikiharibika popote, OCR ndiyo mchawi. Safari hii OCR haikuwepo uwanjani kabisa. Mashine haikujaribu kusoma chochote. Ilikuwa inabana faili tu, kwa njia ya JBIG2.

Hapo ndipo pa kusimama. JBIG2, kiwango cha mwaka 2000, huigawa picha ya rangi nyeusi na nyeupe vipande vipande, kwa kawaida kila herufi kipande chake. Vipande vinavyofanana huwekwa kapu moja. Kimoja huhifadhiwa, na vilivyobaki huandikwa kwa mkato: hapa rudisha kile cha namba fulani. Ukurasa wenye "a" mia tatu unahifadhi "a" chache tu, faili linakuwa jepesi. Ni ufundi mzuri, sikatai.

Lakini nani anaamua kwamba viwili "vinafanana"? Ni kizingiti, namba aliyoiweka mhandisi. Kiachie kidogo, na sita ndogo iliyoskaniwa kwa nukta chache inafanana vya kutosha na nane. Sita inatupwa, nane inakaa kitini pake. Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba kiwango chenyewe kilikuwa na mlango mwingine: unaweza kutumia kipande cha kapuni kama kielelezo tu, kisha ukahifadhi na tofauti iliyopo kati yake na kile cha kwenye karatasi. Faili linanenepa kidogo, sita inabaki sita. Kulikuwa pia na njia ya kubana bila kapu lolote. Hawakukosa njia. Walichagua kubadilisha, wakaipa hali hiyo jina la "kawaida", kisha wakaweka onyo kwenye ukurasa wa mipangilio kwamba herufi zinaweza kubadilika. Karani mwenye rundo la ankara mezani anaingia lini kwenye ukurasa wa mipangilio? Onyo la namna hiyo linaandikwa kwa ajili ya wanasheria.



Huu ugonjwa wa wepesi nimeupigia kelele miaka. Mwaka jana steshenari moja ya mtaani kwetu ilinitolea nakala ya hati ya kiapo kwa programu ya simu. Kijana akabonyeza kitufe cha "boresha", karatasi ikang'aa kama kanzu ya Idi. "Mzee, imetoka safi kabisa." Safi, ndiyo. Muhuri wa bluu uliokuwa umefifia pembeni ya sahihi haukuwepo tena. Programu ilidhani ni uchafu. Na hati ya kiapo bila muhuri ni barua tu. Nikamwambia arudie kwa rangi. Akanung'unika kwamba faili litakuwa zito.

Wazee wetu hawakuwa na mambo haya. Chester Carlson, mvumbuzi wa njia hii ya kunakili kwa mwanga na unga, alipotoa nakala yake ya kwanza kule Astoria, New York, tarehe 22 Oktoba 1938, ilikuwa ni tarehe yenyewe na jina la mtaa, basi. Mashine ya Xerox 914 iliyozaliwa na kazi yake, mwaka 1959, ilinakili kivuli cha karatasi kwa njia hiyo hiyo. Ikikosea, inachafua, na uchafu unauona. Hata Group 4, njia ya kubana ya zama za faksi, haitupi nukta hata moja ya picha iliyopewa. Skani mbovu ya zamani ilikwambia yenyewe kuwa ni mbovu. Kwamba kampuni iliyotuletea 914 ndiyo hiyo hiyo iliyokuja kutuletea nane za bandia, mimi bado sijalizoea.

Xerox walijibu kwanza kwamba tatizo liko kwenye hali ya kawaida tu, watu wapandishe ubora. Kriesel akaonyesha kwamba hata ubora ukipandishwa tarakimu zinabadilika. Kampuni ikakubali kuna hitilafu, na kabla Agosti haijaisha ikaanza kutoa marekebisho. Mwaka 2015 ofisi ya usalama wa mitandao ya Ujerumani ikaukataa ubanaji wa aina hii katika mwongozo wake wa kuskani hati zinazochukua nafasi ya karatasi.

Lakini kasoro ilikuwa imekaa kwenye mashine zile miaka ipatayo 8. Marekebisho yanagusa skani za kesho tu. Katika faili lililokwisha kubadilishwa, sita ya mwanzo haikuhifadhiwa popote, na kama karatasi imechanwa, hakuna programu itakayoirudisha.