Fumbo Halina Jina la Mtu

Wako wajuzi wa lugha yetu wanaosema kwamba Mswahili hazibiki mdomo. Ukimkataza kusema wazi atasema kwa fumbo, na fumbo lake litakuwa tamu kuliko maneno uliyomkataza. Ushahidi wao hauko mbali: kanga za Kariakoo humsema jirani bila kumtaja, na taarabu vivyo hivyo. Tangu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 wameongeza ushahidi mpya, yaani wale wanaoandika habari za "nchi jirani" huku kila msomaji akijua jirani huyo ni nani, na wale waliomwita Rais Magufuli "Jiwe", neno alilolisema mwenyewe kwa kujisifu, nao wakaligeuza.

Hoja hii ni nzuri kuisikia, nami nimeisikia mara nyingi kwa wauza kahawa huku Kivukoni. Siikubali.

Kanga humficha mlengwa, haimfichi msemaji. Aliyeivaa amejitokeza barazani, tena anataka jirani ajue. Katika mtandao wetu anayejificha ni msemaji, na anajificha mbele ya sheria asiyoiona mipaka yake. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilikataza, pamoja na mengine, maudhui yanayosababisha kero. Adhabu ikawa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Kero ni nini? Hata kuku wa jirani ni kero. Neno pana namna hiyo halihitaji askari wengi, kwa kuwa kila mtu hujipimia mwenyewe, kidole juu ya simu, na kwa usalama wake hujipunja. Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa Desemba 2016, akawa mtu wa kupanda ngazi za Mahakama ya Kisutu, si mbali na hapa, mwaka baada ya mwaka. Sisi wengine tulisoma kwa kumtazama.

Watanitajia "Wapo" wa Nay wa Mitego. Machi 2017 msanii huyo alikamatwa na wimbo ukafungiwa, kisha Rais mwenyewe akataka upigwe. Wengi walishangilia. Kwangu mimi, siku ile ndipo ilipodhihirika kwamba wimbo ulikuwa ukiishi kwa hisani ya sikio moja.

Wachina wamepita njia hii kwa ustadi unaotushinda. Serikali yao iliposisitiza utangamano, wao waliandika "kaa wa mtoni", maana katika lugha yao maneno hayo hukaribiana kwa sauti. Na kwa kuwa ni mwiko kutaja mauaji ya Tiananmen ya Juni 4, 1989, waliandika "Mei 35". Werevu mkubwa! Lakini wachujaji nao wanajua kuhesabu, na Mei 35 ikafutwa. Waliohifadhi kitu cha kudumu ni wazazi waliofiwa, akiwemo mama Ding Zilin. Hawa hawakutunga fumbo. Walikusanya majina ya waliouawa, moja moja, hata yakapita 200.

Mtaani kwetu tuna kundi la simu la kuchangia misiba. Intaneti ilizimwa siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, na iliporudi siku chache baadaye ilikuja pamoja na ujumbe wa kutuonya tusisambaze picha za kuzua taharuki. Mchana ule wanakundi wakaanza kuulizana hali ya bahari. "Huko kwenu upepo umetulia?" "Umetulia, ila mashua moja haijaonekana." Lugha safi, mshairi yeyote angeipenda. Ndipo mama mmoja akaandika kwamba mwanawe hajarudi tangu Jumatano. Akaweka jina lake kamili, umri, na rangi ya fulana aliyotoka nayo. Hakuna aliyejibu. Baada ya dakika chache kiongozi wa kundi akaufuta ujumbe ule, akaandika: "Ndugu zangu, humu ni mambo ya misiba tu."

Habari za mashua hazikufutwa. Mama yule naye angesema kwa mashua, asingefutwa. Lakini ni nani, kituoni au mochwari, angemtambua kijana kwa habari za mashua?