Kulala Sekunde 2 Si Kusubiri

Sitazunguka: SendKeys, amri ya kutuma vitufe kana kwamba mtu anaandika, haikupaswa kukaribia kazi ya kuingiza fedha za wateja kwenye meinfremu. Mliotazama onyesho la timu ya taasisi moja ya fedha mliona wenyewe. Emuleta ilifunguka, namba za akaunti zikaanza kujiingiza, makofi yakapigwa. Mchana, meinfremu ilipoelemewa, laki moja na nusu ikaingia kama elfu hamsini.

Tuirudie hatua hiyo polepole. Skripti iliandika namba ya akaunti, ikabonyeza Enter, ikalala sekunde 2, ikaanza kuandika 150000. Meinfremu ilikuwa haijajibu. X SYSTEM, alama kwamba kibodi imefungwa, ilikuwa bado inasomeka kwenye mstari wa hali, chini kabisa, na kila aliyekuwa ukumbini aliweza kuiona. Skripti haikuiona, kwa kuwa SendKeys haina jicho. Tarakimu ya kwanza ikaangukia kibodi iliyofungwa, ikapotea. Papo hapo skrini mpya ikafika, kibodi ikafunguka, na 50000 ikakaa kwenye uga wa kiasi kama kwamba ndivyo ilivyokusudiwa. Hakuna kosa lililoripotiwa, maana SendKeys hairudishi neno lolote kutoka kwenye sesheni. Hutupa vitufe kwenye dirisha lililo mbele, basi. Dirisha la barua pepe lingejitokeza wakati ule, fedha za mteja zingeandikwa humo.

Na tiba yao? Waliongeza usingizi ukawa sekunde 5. Uamuzi huu ni mbaya kuliko ule wa kwanza, kwa sababu safari hii walikuwa wameshaona madhara. Meinfremu ikichukua sekunde 6, wamerudi palepale. Ikijibu kwa nusu sekunde, wanapoteza nne na nusu kwenye kila skrini ya kila akaunti. Nimelisema tangu enzi za rekoda za makro na silichoki: mtiririko wa data wa 3270, ile itifaki ya skrini za meinfremu, wenyewe hubeba amri ya kufungua kibodi. Kiolesura kisichoweza kukufikishia habari hiyo hakifai kuguswa na mtu anayeingiza fedha.

Wazee wa HLLAPI, kiolesura cha kuendesha emuleta kwa kazi zenye namba, walilijua hili miaka ya 1980, wakiwa na DOS na kumbukumbu finyu. Kazi ya 3 ilituma vitufe, na nyuma yake ikaja kazi ya 4, kusubiri. Ikirudisha 0, endelea. Ikirudisha 4, meinfremu bado ina shughuli. Ikirudisha 5, kibodi imefungwa, simama uangalie kulikoni. Kisha kazi ya 6 ikatafuta kichwa cha skrini kabla ya herufi moja kuandikwa. Hatua hii ya mwisho ndiyo vijana wanayoiruka hata wanapotumia kiolesura sahihi. Programu ya upande wa pili inaweza kufungua kibodi kisha ikaendelea kuchora skrini, kwa hiyo thibitisha maandishi unayoyategemea, mahali unapoyategemea.

Asiyetaka HLLAPI anayo s3270, emuleta ya kuendeshwa kwa skripti, anayoitunza Paul Mattes. Haina dirisha la kuporwa na programu nyingine. Kila amri hujibiwa pamoja na mstari wa hali, na herufi yake ya kwanza husema kama kibodi iko wazi, imefungwa, au imefungwa kwa kosa la mtumiaji: U, L, E. Wanaohamia huko wakumbuke kwamba HLLAPI huhesabu nafasi za skrini kuanzia 1 hadi 1920 kwenye skrini ya Modeli 2, ilhali MoveCursor ya s3270 huanzia 0. Wengi hukosea hapo, halafu wanailaumu itifaki.

Kwa haki yao, timu iliweka nywila nje ya skripti na kuhifadhi nakala ya kila skrini. Vizuri.

Utetezi wao wa kutumia SendKeys nimeusikia: Excel yao ni ya biti 64, DLL ya HLLAPI waliyonayo ni ya biti 32, haipakiki. Ni kweli haipakiki. Lakini programu ndogo ya biti 32 inaweza kukaa katikati, ikapokea maombi kutoka Excel na kuiita DLL kwa niaba yake. Au waiendeshe s3270 kama mchakato wa pembeni, waiandikie amri na kusoma majibu yake. Hapo suala la biti halipo kabisa, na leseni ya kulipia haihitajiki.