Redio ya Kwanza kwa Mawasiliano ya Kidijitali

FT8, mfumo uliotolewa mwaka 2017 na Joe Taylor na Steve Franke, ndio kipimo kinachofaa kwa anayechagua redio yake ya kwanza ya ridhaa kwa mawasiliano ya kidijitali. Ujumbe hutumwa kwa zamu za sekunde 15. Katika kila zamu redio hurusha mfululizo kwa sekunde 12.64, ikirukaruka kati ya toni 8 zilizoachana kwa hezi 6.25, na upana wote ni hezi 50 tu. Programu ya WSJT-X huusoma ujumbe huo hata pale ambapo sikio halisikii chochote ila mvumo. Ndiyo maana wati nyingi, zinazosifiwa sana na wauzaji, si jambo la kwanza kutazamwa.

La kwanza ni njia ya sauti. Kompyuta hutunga toni na kuzifasiri. Redio huzipandisha kwenye masafa na kuzishusha. Zamani kazi hiyo ilihitaji kisanduku cha pembeni chenye kadi ya sauti, pamoja na kebo za kuwasha urushaji na kubadili masafa, na kila kiungo kilikuwa mlango wa kuingiza kelele. Icom IC-7300, iliyoingia sokoni mwaka 2016, hupitisha sauti na amri zote kwenye kebo moja ya USB. Haikuwa ya kwanza kufanya hivyo, lakini iliweka urahisi huo mikononi mwa watu wengi. Yaesu FT-891 nayo ina tundu la USB, ila hupitisha amri peke yake. Sauti bado hudai kisanduku cha nje. Tofauti hii huwaponyoka wanunuzi wengi. Haitoshi kuuliza kama redio ina USB. Sharti kuuliza kama sauti inapita humo.

Amri za kompyuta nazo zina thamani kuliko inavyodhaniwa. Sauti ikiingizwa kwa nguvu kupita kiasi, toni ya hezi 600 huzaa nyingine za hezi 1,200 na 1,800, nazo hurushwa kama ishara bandia zinazowasumbua wengine. Dawa ya kwanza ni kupunguza sauti mpaka kipimo cha ALC (udhibiti wa kiwango unaofanywa na redio yenyewe) kisionyeshe kitu. Dawa ya pili hufanywa na WSJT-X yenyewe: husogeza masafa ya redio ili toni ibaki daima kati ya hezi 1,500 na 2,000. Nakala zake basi huanzia hezi 3,000, ambako kichujio cha redio huzizuia. Redio isiyopokea amri hukosa msaada huo.

Kisha kuna joto. Mtu akizungumza, nguvu hupanda na kushuka, na pumzi huipa mashine nafasi ya kupoa. FT8 hutoa nguvu yote bila kulegea kwa asilimia 84 ya zamu. Kwa redio ya wati 100, ni busara kuiendesha kwa wati 30 hadi 50, na feni isizibwe. Nguvu kamili hudai pia chanzo cha umeme cha volti 13.8 kinachomudu zaidi ya ampea 20, gharama ambayo husahaulika wakati wa kupanga bajeti.

Uthabiti wa masafa si tatizo kwa redio za sasa. Kosa dogo lisilobadilika halidhuru. Linalodhuru ni masafa kuteleza ujumbe ukiwa hewani, hali inayoweza kukuta redio kuukuu kabla haijapata joto. Saa ya kompyuta nayo isikosee zaidi ya sekunde moja hivi.

Kwa mwenye fedha kidogo, QDX ya QRP Labs inastahili kufikiriwa kwa uzito. Hutoa wati 5, ina kadi ya sauti ndani na hutumia umeme kidogo sana. Lakini haina maikrofoni, na hurusha toni moja moja tu: FT8 inawezekana, lakini mfumo mwingine wa kidijitali, PSK31, hauwezekani. Anayetaka pia kuzungumza atafute redio nyingine. Anayetaka FT8 pekee atabakiwa na fedha za antena. Kwa bendi ya mita 20, waya wa mita 10 hivi, uliokatwa katikati na kuinuliwa juu, utamfaidisha kuliko wati za ziada.