Njeo na Nyota: Maoni ya Msomaji juu ya Majarida ya Hadithi za Kisayansi na Vitabu vya Sayansi

Makala haya hayakuandikwa na mwanasayansi. Mwandishi wake ni mwalimu wa sarufi ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa na mazoea ya kusoma, nje ya saa za kazi, majarida ya hadithi za kisayansi yatokayo Marekani, pamoja na vile vitabu ambavyo wataalamu wa sayansi huwaandikia watu wasio wataalamu. Wenzake katika idara huyaona mazoea hayo kuwa ni anasa, au pengine utoto. Nia yetu hapa si kuyatetea. Twataka kueleza jambo moja tu: kwamba swali linalowashughulisha baadhi ya waandishi bora wa fani hizi mbili, yaani wakati ni kitu gani, limewafikisha mlangoni petu sisi wanaisimu, kwenye kitenzi na viambishi vyake, nasi hatujatoka nje kuwapokea.

Tuanze na majarida. Jarida la kwanza la Kiingereza lililojitolea kwa hadithi za aina hii peke yake, Amazing Stories, lilianzishwa huko New York mwaka 1926 na Hugo Gernsback, mtu aliyeamini kwamba hadithi inapaswa kumfundisha msomaji sayansi huku ikimburudisha. Mwaka 1930 likafuata Astounding, ambalo tangu 1960 huitwa Analog; mwaka 1949 likaja The Magazine of Fantasy & Science Fiction; na mwaka 1977 lile lenye jina la Isaac Asimov. Haya matatu ya mwisho yalipita katika mikono ya wamiliki wapya mwaka 2025, na msomaji yeyote anayeyapenda ana haki ya kuwa na wasiwasi. Clarkesworld, lililoanza mwaka 2006 na ambalo husomwa zaidi kwenye mtandao, lilipatwa na mkasa wa aina nyingine: mnamo Februari 2023 lilisimamisha kwa muda kupokea miswada kwa sababu mamia ya hadithi zilizotungwa na mashine zilikuwa zimemiminika kwa mhariri wake, Neil Clarke.

Mkasa huo una la kutufundisha. Mashine huiga kile kilicho chepesi kuigwa, na katika hadithi za kisayansi kilicho chepesi ni nomino. Mtungaji dhaifu, awe mtu au mashine, hudhani kwamba akitaja chombo cha angani, sayari yenye miezi miwili na roboti mwenye huzuni, basi amekwisha kuandika sayansi. Hadithi nyingi tulizozisoma katika majarida haya miaka ya karibuni zina kasoro hiyo. Samani za nyumba zimebadilishwa zote, lakini nyumba ni ile ile: mume na mke wanagombana, mtoto anamlilia baba aliyekufa, na kila tendo linafuata lingine katika wakati uliopita wa kawaida kabisa, kana kwamba Einstein hakuzaliwa. Hatusemi kwamba huzuni ya mtoto si mada ya fasihi. Twasema kwamba ingeweza kusimuliwa bila ya miezi miwili.

Mtunzi anayeepuka kasoro hii ni Ted Chiang. Ametunga hadithi chache mno, na mbili tutakazozizungumzia hazikuanzia katika jarida bali katika mikusanyo. Hata hivyo hatuoni mfano mwingine bora zaidi wa kile ambacho majarida yangepaswa kukitafuta. Katika "Exhalation", ya mwaka 2008, iliyotoa jina la mkusanyo wake wa 2019, viumbe wa metali huishi kwa hewa ambayo kila siku huijaza upya katika mapafu yao ya alumini. Saa zao zinaanza kuonekana kama zinakwenda mbio. Mmoja wao, mwanaanatomia, anaufungua ubongo wake mwenyewe kwa msaada wa vioo na kugundua kwamba saa hazina hitilafu: ni fikra zao zinazopungua kasi, kwa kuwa hewa inayoziendesha inazidi kulingana shinikizo na hewa iliyo nje. Itakapolingana kabisa, kila kitu kitasimama. Mwanafunzi wa fizikia atatambua mara moja kwamba anasomeshwa kanuni ya pili ya thamodinamiki. Mwanafunzi wa fasihi hana haja ya kulijua jina hilo. Chiang haegemei istilahi; ameiweka kanuni nzima katika vitenzi viwili, kupumua na kulingana.

Sasa tutazame kitabu cha sayansi kinachosimama kando ya hadithi hiyo. Carlo Rovelli, mwanafizikia wa Italia, alichapisha The Order of Time kwa Kitaliano mwaka 2017, na tafsiri ya Kiingereza ikatoka mwaka uliofuata. Kitabu chote kina mlinganyo mmoja tu, ule wa entropia, na mwandishi anaomba msamaha kwa ajili yake. Anaanza kwa jambo linaloweza kupimwa: wakati hupita upesi zaidi milimani kuliko pwani. Tulijaribu kulihesabu jambo hilo kwa mazingira yetu. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo saa iliyowekwa Nairobi huitangulia ile ya Mombasa kwa takriban sehemu sita za milioni za sekunde kila mwaka. Ni tofauti ndogo mno, lakini si sifuri, na kuanzia hapo Rovelli anaivunja dhana ya wakati kipande kwa kipande. Anauliza, kwa mfano, dada yake angekuwa anafanya nini "sasa" kama angekuwa katika sayari inayozunguka nyota ya Proxima, umbali wa miaka minne hivi ya mwendo wa nuru. Jibu lake ni kwamba swali halina maana. Hapana "sasa" moja inayoenea ulimwenguni kote.

Baada ya hayo ndipo inapokuja sura ambayo kila mwalimu wa lugha angefaa kuisoma, kwa kuwa inaishtaki sarufi waziwazi. Mwandishi anadai kwamba mgawanyo wa vitenzi katika wakati uliopita, uliopo na ujao hautoshi kuueleza ulimwengu kama ulivyo, kwani umejengwa juu ya "sasa" ambayo fizikia haiitambui. Tulipofika hapo tuliiweka penseli chini tukajiuliza: sarufi ya nani? Mgawanyo anaoulalamikia ni ule wa lugha za Ulaya alizozizoea. Kiswahili kinao pia; lakini kina na mambo mengine.

Chukua kiambishi -ka-. Tumezoea kuwaambia wanafunzi kwamba ni cha masimulizi ya mambo yaliyopita. Maelezo hayo hayatoshi. Katika "Nilikwenda sokoni, nikanunua samaki, nikarudi", ni -li- pekee inayolifunga tendo na wakati wa msemaji. Kila -ka- inayofuata haisemi chochote juu ya "sasa" yake. Inasema tu kwamba tendo hili limekuja baada ya lile, na mara nyingi kwamba limetokana nalo. Ushahidi ni kwamba -ka- hukubali hata kuufuata wakati ujao: "Nitakwenda Mombasa nikamwone mama." Basi tumrudie yule dada wa Rovelli. "Anafanya nini?" ni swali lisilo na jibu, kwa kuwa -na- inadai "sasa" ya pamoja. Lakini "Nilimpelekea ujumbe, ukamfikia, akaujibu, jibu likanirudia" ni kauli ambayo mwanafizikia hana la kuipinga. Kila -ka- ni hatua ya kweli ya sababu na tokeo, na mfuatano huo hubaki ule ule kwa kila mtazamaji, popote alipo na kwa mwendo wowote aendao. Hatutaki kutia chumvi. Mnyororo wa -ka- kwa kawaida huning'inia kwenye msumari wa -li- au -ta-, na msumari huo ni wa msemaji. Hata hivyo lugha ambayo ina kiambishi maalumu cha mfuatano usiohitaji "sasa" haistahili kuhukumiwa pamoja na zile zisizo nacho.

Kuna na hu-. "Maji huteremka." "Babu huamka alfajiri." Kiambishi kimoja kinabeba kanuni ya maumbile na desturi ya mzee, bila ya kutaja wakati wowote. David Hume, aliyeshuku kwamba kile tukiitacho kanuni ya maumbile chaweza kuwa ni mazoea yetu tu, angelifurahia hili.

Yawezekana msomaji ameshamkumbuka John Mbiti. Katika African Religions and Philosophy, kitabu cha mwaka 1969, Mbiti alitumia maneno yetu mawili, Sasa na Zamani, kudai kwamba fikra ya jadi ya Mwafrika haina wakati ujao wa mbali, na alitegemeza dai hilo juu ya uchambuzi wa vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu. Wengi wamempinga, miongoni mwao Kwame Gyekye, na hatuna haja ya kuufufua mjadala mzima. Lakini kama Mbiti angekuwa amesema kweli, basi hadithi ya kisayansi ingekuwa mgeni asiye na kiti katika lugha zetu. Jaribio ni rahisi. Katika The End of Everything, cha mwaka 2020, Katie Mack anaeleza njia tano ambazo ulimwengu waweza kuishia. Msomee mtoto wa shule ya msingi sentensi hii: "Baada ya miaka bilioni tano hivi jua litavimba." Ataogopa kidogo, kisha atauliza kama sisi tutakuwapo. Kiambishi -ta- hakikumwekea mpaka wa miaka miwili.

Tatizo letu basi liko wapi? Kwa maoni yetu liko katika jinsi tulivyoigawa kazi. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa Tanzania mwaka 1967, juhudi kubwa ya kukiwezesha Kiswahili kubeba sayansi imeelekezwa kwenye istilahi. Hatuidharau. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990 iko juu ya meza yetu tunapoandika. Lakini istilahi ni nomino, na nomino peke yake haielezi kitu. Tuliwahi kuwapa wanafunzi wa mwaka wa tatu kurasa chache za Rovelli wazitafsiri. Walikesha wakibishania neno la kutumia kwa "entropia", wakalipata, wakafurahi. Walipoileta kazi, sentensi zote zilikuwa na -li- na -na- zilizofuata Kiingereza hatua kwa hatua. Hapakuwa na -ka- hata moja. Walikuwa na kila neno, na msomaji asiyejua Kiingereza asingeelewa lolote.

Ni haki tukiri kwamba nomino nazo zina siku yao. Ed Yong, katika An Immense World cha mwaka 2022, anaeleza jinsi kila mnyama anavyoishi ndani ya ulimwengu wa hisi zake mwenyewe, na anapoijia harufu, Kiingereza kinamwia kigumu. Mfasiri wa Pwani hapo angepumua. Anayo shombo na vumba, anao uvundo, anayo kutuzi. Na juu ya yote anayo tofauti ya kunuka na kunukia, ambayo, kwa bahati njema kwa hoja yetu, ni ya kitenzi.

Mfano wa kuiga tunao China. Riwaya ya Liu Cixin iliyovuma duniani ilianza kutolewa kidogo kidogo mwaka 2006 katika jarida la huko Chengdu, ikawa kitabu mwaka 2008, na tafsiri ya Ken Liu ya mwaka 2014 ikapata tuzo ya Hugo mwaka 2015. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki kwa njeo; mfasiri alilazimika kumchagulia msomaji wa Kiingereza wakati wa kila tendo. Jarida lilitangulia, kwa lugha ya wenyewe, na dunia ikafuata. Kwetu mambo yamekwenda kinyume. Omenana, lililoanzishwa na Wanigeria mwaka 2014, na toleo la Jalada la mwaka 2015 kuhusu mustakabali wa Afrika yana kazi nzuri, lakini karibu zote ni za Kiingereza. Kwa Kiswahili tunayo Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, ambayo humpeleka Dzombo katika ulimwengu mwingine na kumrudisha kwetu kwa jina lenyewe la riwaya. Wahakiki wameichambua kama siasa, na ni siasa kweli. Ile safari yenyewe haijapata mhakiki wa kutosha.

Tumebakiza hadithi ya pili ya Chiang, "Story of Your Life", ya mwaka 1998, ambayo filamu ya mwaka 2016 imeifanya ijulikane na wengi. Mhusika wake mkuu ni mwanaisimu. Anajifunza maandishi ya viumbe wageni wanaoyaona mambo yote ya wakati kwa pamoja, naye mwenyewe anaanza kuona hivyo, na anamsimulia binti yake maisha ambayo binti huyo hajayaishi, hadi kifo chake. Kwa Kiingereza mtunzi analifanya hili kwa kuunganisha kitenzi cha kukumbuka na njeo ijayo, na msomaji hushtuka kila mara. Tulijaribu kulifasiri. "Nakumbuka ulipozaliwa" inaiua hadithi. "Nakumbuka utakapozaliwa" inasimama, tena inasema zaidi ya tulivyotarajia, kwani ndani ya -taka- bado kinaonekana kitenzi cha kutaka ambacho wanahistoria wa lugha hukihesabu kuwa asili ya -ta-. Kiingereza nacho kina historia kama hiyo katika kitenzi chake kisaidizi, ila masikio yameizoea. Yule mama anajua kwamba mtoto atakufa, na anamtaka azaliwe. Hatujaamua bado kama mfasiri aiache -taka- ifanye kazi hiyo kimyakimya, au aitafutie sentensi ya kuidhihirisha.