"Hapana" na "Hatutaki": Maelezo juu ya Sinema "No"

Sinema iitwayo "No", iliyotengenezwa na Pablo Larraín wa Chile mwaka 2012, yastahili kuangaliwa na wataalamu wa lugha, kwa kuwa kiini chake ni neno moja. Tarehe 5 Oktoba 1988 wananchi wa Chile waliulizwa kama Jenerali Augusto Pinochet, aliyetwaa serikali kwa nguvu za jeshi mwaka 1973, aendelee kutawala miaka minane zaidi. Waliokubali walipiga kura ya "Ndiyo". Waliokataa, ya "Hapana". Kila upande ulipewa dakika 15 za televisheni kila usiku kwa siku 27.

Taabu ya wapinzani ilikuwa kwamba neno la kukanusha halina ahadi ndani yake. Baadhi yao walitaka kusema juu ya waliouawa na waliotoweshwa. René Saavedra, mtangazaji wa biashara wa kubuniwa anayeigizwa na Gael García Bernal, auza kukataa kama auzavyo soda: kwa upinde wa mvua, vicheko, na wimbo wa kuahidi furaha.

Larraín hamsifu mtu wake ovyo. Maneno ayatumiayo Saavedra kulitambulisha tangazo la soda ayarudia, karibu yale yale, mbele ya wanasiasa. Na baada ya ushindi ayarudia tena kuutangaza mchezo wa televisheni. Maneno yafaayo bidhaa zote hayafungamani na hata moja. Hapo ndipo ilipo nguvu ya sinema hii. Tena imepigwa kwa kamera za video za miaka ile, hata ni shida kuzitenga picha za maigizo na zile za kweli za mwaka 1988.

Lakini pana upungufu mkubwa. "Hapana" ilipata kama asilimia 56 ya kura, na asiyeandikishwa hapigi kura. Kazi ya kuandikisha watu zaidi ya milioni 7 karibu haionekani. Genaro Arriagada, aliyeiongoza kampeni yenyewe, ameilaumu sinema kwa kurahisisha mno mambo.

Msomaji wa Kiswahili aweza kuueleza upungufu huo kwa sarufi. "Hapana" halitaji nafsi; "hatutaki" lina "tu" ndani yake, nalo lauliza ni akina nani wasiotaka. Sinema hii imelisikiza vema neno la kwanza. La pili, lililosemwa na waliosimama foleni kuandikishwa, bado lasubiri sinema yake.