Alama Zilizo Chini ya Mtutu

Katika orodha ya silaha alizosafiri nazo Henry Morton Stanley kutoka Bagamoyo mwaka 1871, zimo bunduki 24 za gumegume na bastola 6 za mtutu mmoja. Msafara ulipita Tabora, na Stanley akakaa na mvumbuzi David Livingstone kwenye tembe la Kwihara, karibu na hapo. Ndiyo maana bastola kuukuu ya fataki ikiibuka Unyamwezi, eneo la Tabora, ni rahisi mtu kumtaja Stanley, au Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi. Madai hayo hupimwa kwa chuma.

Kwanza, usalama. Silaha ya kushindiliwa baruti inaweza kuwa bado imejaa. Mchunguzi hutumbukiza kijiti mdomoni hadi kigote, hukitia alama, kisha hukilaza juu ya mtutu. Kikiishia mbali na chuchu inayovalishwa fataki, ndani mna kitu.

Halafu mtambo. Fataki zilienea kuanzia miaka ya 1820, na silaha nyingi za gumegume zikageuzwa ziweze kuzitumia. Matundu yaliyozibwa kwenye bamba la mtambo, pale kilipokuwa kisahani cha baruti, yanaonyesha mageuzi hayo. Neno TOWER juu ya bamba halitoshi kuthibitisha kwamba silaha ni ya jeshi la Uingereza. Wauzaji wa silaha za biashara nao walilichonga.

Ushahidi mzito umefichwa na mbao. Mtutu ukichomolewa, chini yake huonekana mihuri ya nyumba za majaribio, ambako ulifyatuliwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida kabla ya kuuzwa. Nyumba ya Birmingham, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1813, iligonga fimbo mbili za kifalme zilizopishana chini ya taji. Baada ya 1855 iliongezwa namba ya kipenyo: 16 maana yake risasi 16 za duara zinazoenea mtutu huo zina uzito wa ratli moja.

Mihuri ya Liège, Ubelgiji, ndiyo inayobana tarehe vizuri zaidi. Herufi ELG zimo ndani ya duara refu. Kuanzia 1853 herufi ya mkaguzi ilikuwa na taji juu yake. 1877 taji likabadilishwa kuwa nyota. 1893 lile duara la ELG nalo likavikwa taji. Mirambo alifariki Desemba 1884, kwa hiyo bastola yenye ELG ya taji haikupata kushikwa naye. Yenye nyota haikuwa katika mizigo ya Stanley ya 1871.

Kumtambua fundi ni kazi ngumu zaidi. Liège iligawa kazi: huyu mtutu, yule mtambo, mwingine kitako. Herufi mbili zilizogongwa chini ya mtutu huenda ni za mfua mitutu tu, na jina lililo juu likawa la mfanyabiashara. Basi bastola yenye nyota ya mkaguzi na ELG isiyo na taji, bila jina lolote, iandikiwe hivi kwenye kadi: Liège, kati ya 1877 na 1893, fundi hajulikani.