Nati Iliyofungwa Kitambaa: Ufundi wa Kuficha katika Filamu za Imani na Sayansi

Kamera ni chombo kinachoona nje ya vitu tu, na kwa sababu hiyo sinema imekuwa mahali pagumu kwa dini tangu ilipoanza, maana kile ambacho mwumini hukiita kitakatifu hakina sura ambayo lenzi inaweza kuikamata: Mungu akipewa uso amefanywa mwigizaji, na akiachwa bila uso mtazamaji hubaki akitazama ukuta. Cha kushangaza ni kwamba waliofaulu zaidi kulikabili tatizo hili si wale waliotengeneza filamu za manabii na wafalme kwa majumba ya bandia na maelfu ya waigizaji wa ziada, bali ni baadhi ya mafundi wa bunilizi ya kisayansi, yaani kazi ya kubuni ambayo maajabu yake hudaiwa kuwa na sababu ya kimaumbile hata pale ambapo sababu hiyo bado haijajulikana. Dai hilo ndilo linalowafaa. Mtazamaji wa filamu ya kidini anajua mapema kwamba muujiza utakuwa muujiza, lakini mtazamaji wa bunilizi ya kisayansi huketi akiwa na maelezo ya aina mbili, ya maabara na ya madhabahu, na fundi hodari ni yule awezaye kuyaacha yote mawili yakiwa hai mpaka taa za ukumbi ziwashwe.

Si kila mahali dini inapokutana na bunilizi hiyo pana ufundi wa namna hii. Mara nyingi dini huazimwa kama vazi tu. Katika The Day the Earth Stood Still, filamu ya Marekani ya mwaka 1951, mgeni kutoka sayari nyingine anaishi miongoni mwa watu wa Washington kwa jina la Carpenter, linalomaanisha seremala, anauawa, anarudishiwa uhai, kisha anaondoka kuelekea juu. Mwandishi wa mswada, Edmund North, aliuweka ulinganifu huo na Yesu kwa makusudi, na ofisi ya ukaguzi wa maadili ya filamu iliyoongozwa na Joseph Breen ikadai mgeni huyo atamke kwamba uwezo wa kuhuisha wafu ni wa Roho Mwenyezi peke yake. Maneno hayo yakatiwa, filamu ikapita. Inachekesha kidogo kwamba sentensi yenye teolojia nyingi kuliko zote katika filamu nzima iliandikwa ili kumridhisha mkaguzi, lakini kifundi kasoro yake iko kwingine: aliyekwisha kuutambua ulinganifu hana kazi nyingine ya kufanya.

Stanley Kubrick na mwandishi Arthur C. Clarke walipoitayarisha 2001: A Space Odyssey, iliyotoka mwaka 1968, walikuwa na wazo la akili ya nje ya dunia iliyoendelea mno kiasi kwamba mwanadamu asingeweza kuitofautisha na uungu, na Kubrick mwenyewe, katika mahojiano ya mwaka huo na jarida la Playboy, alisema kwamba dhana ya Mungu ndiyo kiini cha filamu hiyo, ingawa si Mungu wa sura yoyote ya jadi. Swali lililobaki lilikuwa la kifundi: akili hiyo itaonekanaje? Viumbe wa maumbo mbalimbali walijaribiwa wakaachwa. Kwa ajili ya kitu ambacho viumbe hao wanakiacha duniani na mwezini kilitengenezwa kwanza kipande kikubwa cha plastiki ngumu inayopitisha mwanga, lakini mbele ya kamera kilionekana kuwa plastiki tu, ndipo likachaguliwa bamba jeusi tii, lisilo na alama wala maungio. Kubrick akaondoa pia maelezo ya msimulizi yaliyokuwa yamepangwa, pamoja na mahojiano na wanasayansi yaliyokusudiwa kuifungua filamu, na riwaya ya Clarke ya mwaka huohuo inaonyesha kiasi cha kile kilichokatwa, kwa kuwa ndani yake karibu kila jambo linaelezwa.

Mahali pa maelezo akaweka sauti na mkono. Sauti ni ya kwaya ya György Ligeti, sehemu ya Kyrie katika misa yake ya wafu, ambayo kwa asili ni ombi la kuhurumiwa linaloimbwa mwanzoni mwa misa, ila Ligeti amezisokota sauti za waimbaji kwa msongamano ambao hauachi neno hata moja lisikike, kwa hiyo mtazamaji anasikia kuomba bila kusikia kinachoombwa. Mkono ni wa sokwe-mtu anayeligusa bamba, akaurudisha kwa woga, akaupeleka tena; na baada ya mamilioni ya miaka ya hadithi, mwanasayansi aliyevaa suti ya anga anapitisha glavu yake juu ya bamba la mwezini kwa mwendo uleule, asijue kwamba anarudia jambo. Kisha yeye na wenzake wanajipanga wapigwe picha ya ukumbusho. Hakuna hotuba ambayo ingeweza kusema kwa ukali zaidi kwamba elimu imeongezeka na unyenyekevu umepungua. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka mia moja, Vatikani ilitoa orodha ya filamu 45 muhimu na hii ikawamo, ila katika kundi la sanaa, si la dini. Uamuzi huo ni wa haki pengine kuliko walioutoa walivyodhani, kwa sababu udini wa filamu hii haumo katika habari inayosimuliwa bali katika kazi ya mikono iliyoitengeneza.

Katika kundi la dini la orodha hiyo zimo filamu mbili za Mrusi Andrei Tarkovsky, lakini haimo ile ambayo ndani yake imani na bunilizi ya kisayansi zimesogeleana kuliko popote pengine, yaani Stalker ya mwaka 1979. Chanzo chake ni riwaya ya ndugu Arkady na Boris Strugatsky, iliyojaa vifaa vya ajabu vilivyoachwa na wageni waliopita duniani bila hata kuwajali wakazi wake, na ndugu hao ndio walioandika mswada, wakauandika upya mara nyingi, kwa kuwa mwongozaji aliendelea kuvitoa vifaa hivyo kimoja baada ya kingine. Picha nyingi zilizopigwa mwaka 1977 ziliharibika katika usafishaji wa filamu maabarani, na hasara hiyo ndiyo iliyofungua nafasi ya kumgeuza mhusika mkuu: yule aliyekuwa mtu wa magendo mwenye roho ngumu akawa mnyonge mwenye imani, anayewaongoza wengine hadi mahali ambapo inasemekana haja ya ndani kabisa ya mtu hutimizwa, na mwenyewe haombi chochote. Jambo hili lilifanyika ndani ya Mosfilm, studio ya dola iliyofundisha rasmi kwamba hakuna Mungu. Pengine neno Mungu lingezuiliwa, nati haikuzuiliwa.

Nati zenyewe ni za chuma, za kawaida, kila moja imefungwa utepe mrefu wa kitambaa cheupe. Watu watatu, yaani kiongozi aitwaye Stalker, Mwandishi na Profesa, wamekwisha kuvuka ulinzi wa askari na kusafiri kwa kiberenge cha reli kwa karibu dakika nne ambazo kamera haionyeshi njia bali visogo na nyuso zao, huku mgongano wa magurudumu na reli ukigeuka polepole kuwa muziki wa kielektroniki wa Eduard Artemyev. Ghafla rangi ya udongo iliyofunika picha zote za mjini inatoweka na majani yanakuwa ya kijani. Hapo ni Eneo, nchi iliyokatazwa. Hakuna kinachowaka wala kinachong'aa. Kuna nyasi, nguzo zilizoinama, vifaru vilivyoshika kutu, na jengo linaloonekana kuwa umbali wa hatua chache, lakini kiongozi anakataza kulielekea moja kwa moja. Anarusha nati, anangoja ianguke, mmoja anaifuata, wengine wanafuata nyuma, kisha anarusha nyingine. Nati ile ni hodi inayopigwa kwa mwenye nyumba asiyeonekana. Hakuna mtego hata mmoja unaowanasa wasafiri hao, wala filamu haithibitishi kwamba mitego ipo, na hata hivyo baada ya muda mtazamaji anaogopa kwa niaba yao kila mguu unapokanyaga pasiporuhusiwa, kwa sababu amejifunza kutoka katika mwili wa mwigizaji Alexander Kaidanovsky, katika jinsi anavyojilaza kifudifudi nyasini na anavyoshusha sauti, jambo ambalo watu wa dini zote wanalijua, kwamba utakatifu wa mahali hutambulikana kwanza kwa adabu za wanaoingia.

Mwandishi, ambaye ni mtu wa dhihaka, anaichoka adabu hiyo na kuamua kwenda moja kwa moja hadi kwenye jengo. Anatembea peke yake, upepo unavuma, na sauti ya mtu inamwamuru asimame. Anarudi akiwa amefadhaika, akiuliza nani aliyemzuia, na wenzake wote wawili wanakana. Profesa ana jibu la haraka: ni yeye mwenyewe aliyejiambia hivyo kwa woga, kwa sauti aliyoibadilisha. Jibu hilo linaweza kuwa kweli, na filamu hailipingi. Inaliacha likae kando ya uwezekano wa pili kisha inaendelea na safari. Baadaye kidogo kiongozi ananong'ona, bila kutaja majina, kisa kutoka Injili ya Luka cha wanafunzi wawili waliotembea na mtu wasiyemtambua, na wenzake wawili wamejilaza karibu naye. Anayeijua Injili anahesabu watu waliopo, asiyeijua hakosi kitu katika hadithi.

Lakini ustadi mkubwa kuliko wote uko mlangoni. Wamefika kwenye Chumba, mahali penyewe pa kutimiziwa haja, na hakuna anayeingia: Mwandishi amekwisha kuelewa kutoka kisa cha stalker wa zamani, aliyekwenda kumwombea nduguye aliyekufa akarudi nyumbani akapata utajiri kisha akajinyonga, kwamba Chumba hakitimizi ombi la mdomo bali la moyo, na Profesa, aliyekuja na bomu begani ili apalipue wasije wabaya wakapatumia, analifungua na kuvitupa vipande vyake majini. Wanaketi sakafuni wakiwa wameegemeana. Kamera inarudi nyuma taratibu, na mtazamaji anatambua kwa kuchelewa kwamba ili iweze kuwaona kutoka upande huo ni lazima iwe imo ndani ya Chumba, kwa hiyo yeye mwenyewe, ambaye hakuombwa ruhusa, ndiye pekee aliyevuka kizingiti. Mvua inaanza kunyesha ndani ya jengo, kati yake na wale watatu, inazidi, kisha inakoma. Paa bovu ni maelezo ya kutosha kwa anayeyataka.

Filamu inafunguka kwa garimoshi linalopita karibu na nyumba na kuvitikisa vitu vilivyo juu ya kiti kando ya kitanda. Mwishoni binti wa Stalker, asiyeweza kutembea, analaza kichwa mezani na kuzitazama glasi, nazo zinasogea, moja inaanguka, na ndipo garimoshi linaposikika. Tarkovsky amelibadilisha jambo moja tu, mpangilio wa sababu na tokeo, na mabadiliko hayo yamefanyika kwa sauti, bila kuhitaji ndege wala miali.

Televisheni ina shida ambayo filamu haina, kwa kuwa tamthilia ya miaka mingi hulazimika kusema kila juma na anayesema sana huishia kueleza. Star Trek: Deep Space Nine, iliyoonyeshwa kati ya mwaka 1993 na 1999, iliikabili shida hiyo kwa akili: viumbe wanaoishi nje ya wakati ndani ya njia ya mkato ya anga wanaitwa Manabii na watu wa sayari ya Bajor, na maafisa wa kisayansi wanawaita wageni tu, na kamanda Sisko anatakiwa kufanya kazi katikati ya majina hayo mawili. Battlestar Galactica ya mwaka 2004 hadi 2009 ilikwenda mbali zaidi kwa kuwapa mashine imani ya Mungu mmoja na kuwaachia wanadamu miungu mingi, ila ilipofika mwisho ikawajibu watazamaji waziwazi mno kuhusu malaika, na wengi waliudhika. Hata hivyo humo mna dakika moja ya ufundi safi: mhusika Lee anageuza uso huku akiongea na mwenzake Kara, anageuka tena, Kara hayupo. Hakuna moshi wala mwanga. Kuna uwanda mtupu na mtu anayeangalia huku na huku.

Ukanda wa Afrika Mashariki una mfano wake katika Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009, inayosimulia maisha ya watu waliojifungia chini ya ardhi baada ya vita vya dunia vilivyopiganiwa maji. Asha, mtunza makumbusho, anapokea udongo usiojulikana ulikotoka, na jambo la kwanza analofanya ni kuupima: mashine inasema hauna mnururisho na una maji mengi. Kisha anaunusa, na hapo anaona mti. Kompyuta inatambua kwamba ameota na kumwamuru ameze dawa ya kuzuia ndoto. Kahiu hana dakika 160 za Tarkovsky, ana kama 20 tu, kwa hiyo ameviweka kipimo na maono katika tukio moja, mkono uleule ukifanya yote mawili, na mtazamaji aliyekulia kandokando ya Mlima Kenya, anayejua kwamba kwa Wagikuyu mugumo ni mti wa ibada usiokatwa ovyo, hahitaji kuambiwa kwa nini serikali ya chini ya ardhi inaogopa ndoto ya mti. Asha anatoroka, anapanda mche jangwani, anaumwagilia maji yake ya mwisho na kuukinga jua kwa mwili wake. Kamera inapopanda juu, mti unakua pale alipolala, na kwenye ukingo wa picha kunaonekana msitu. Mtaalamu wa mimea atasema kwamba hakuna mti unaokua kwa kasi hiyo, naye atakuwa amesema kweli, isipokuwa kwamba Kahiu hakuandika popote ni muda gani uliopita kati ya picha moja na nyingine.